Mhariri, seli za kaka yangu hazijafa, zimejikunyata

Ndugu Mhariri,

Jumapili asubuhi simu yangu iliita kabla sijaamka vizuri, alikuwa kaka yangu mkubwa, na kaka siku hizi siyo mtu wa kupiga simu, mpaka umpigie wewe tena mara mbili tatu. Hakunisalimia. Akaniuliza moja kwa moja, "Hivi wewe unayekata ubongo huko kazini kwenu, kwa hiyo wangu ndo umeshakufa?" Nikadhani kaamka na ndoto mbaya. Kumbe alikuwa na gazeti lenu mkononi, lile lenye makala ya sonona, kichwa cha habari kikubwa kabisa kwamba sonona inaua seli za ubongo, na chini yake picha ya ubongo ambao nusu yake imepakwa nyeusi kama mkaa.

Kaka ana sonona. Imemkamata mara tatu ndani ya miaka 9, na hii ya tatu ndo alikuwa anaanza kutoka, alikuwa ameanza tena kunyoa ndevu bila kukumbushwa, wiki iliyopita alicheka kwenye simu, kicheko kifupi lakini nilikisikia. Alafu Jumapili akasoma kwenu kwamba kilichoondoka kimeondoka. Nilikaa naye kwenye simu karibu saa nzima, na haya ninayowaandikia ndo niliyomwambia, nimeongeza tu miaka na majina ili mkitaka kuhakikisha mhakikishe.

Siwaandikii kuwagombeza. Nia ya mwandishi wenu naiona, alitaka watu waache kusema sonona ni uvivu, ni kudeka, ni mtu kujiendekeza, akaonyesha kwamba ni ugonjwa unaogusa ubongo wenyewe, na hapo namshukuru sana kwa sababu sisi ndugu wa wagonjwa tumechoka kuambiwa "mwambieni aache mawazo". Lakini neno kufa ni zito, na kwa habari hii siyo sahihi, na mtu anayelisoma kwa makini zaidi kuliko wote ni mgonjwa mwenyewe, ambaye tayari kila siku akilini mwake anajiambia kwamba amekwisha.

Mimi siyo daktari, niseme mapema. Nafanya kazi maabara, ile sehemu ya kukata vinyama vya kupimwa, mwaka wa 16 huu. Tishu ikitufikia inakuwa imeshalowekwa kwenye formalini, tunaitoa maji taratibu, tunaizamisha kwenye nta, nta ikiganda unapata kipande kigumu unachoweza kukishika, ndo tunakipeleka kwenye mashine ya kukatia yenye wembe mkali mno na tunakata unene wa maikroni 4 au 5, yani unywele mmoja wa kichwani ungeupasua zaidi ya mara kumi. Utepe unaotoka pale ni laini kiasi kwamba ukipumua vibaya umeshaupoteza. Unauweka juu ya maji ya uvuguvugu unaelea, unajikunjua wenyewe, unaukinga kwa kioo. Baada ya hapo ndo rangi, na rangi tunayotumia kila siku inafanya viini vya seli viwe bluu ya zambarau na vitu vingine vyote viwe waridi.

Nimeieleza kazi yangu kwa sababu siri ya sonona imekaa kwenye ile waridi. Mtu akiangalia ubongo kwenye hadubini anaona madoa ya bluu, hayo ndo anayahesabu, na kati ya doa na doa anaona uwanja wa waridi anadhani ni plasta tu ya kujazia. Siyo plasta. Pale ndipo yalipo matawi ya seli, maelfu kwa maelfu yamepishana, ila kwa rangi ya kawaida huwezi kuyatofautisha. Mwaka 1873 Mwitaliano Camillo Golgi alipata namna ya kutumia madini ya fedha ambayo inapaka seli chache tu kati ya nyingi, lakini zile chache inazipaka zima zima, nyeusi tii, kuanzia mwili mpaka ncha ya tawi la mwisho. Mara ya kwanza nilipoona kioo cha namna hiyo nilisahau kula. Seli moja ya neva ni mti kabisa, una shina, una matawi, matawi yana vitawi, na kwenye vitawi kuna vichipukizi vidogo vidogo kama vya mhogo ulioanza kuota, kila kichipukizi hakifiki hata maikroni mbili tatu. Pale kwenye kile kichipukizi ndipo seli nyingine inapokuja kuongea na hii, hapo panaitwa sinapsi. Ubongo wa mtu una seli za neva kama bilioni 86 na nyingi kati yake zina sinapsi maelfu kila moja. Ukiniuliza kumbukumbu, hamu, kupanga kesho utafanya nini, vimekaa wapi, nitakuonyesha huko kwenye vichipukizi, siyo kwenye yale madoa ya bluu.

Sasa sonona inafanya nini huko?

Inayakunyata matawi. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Mnajua mtu aliyekaa kwenye baridi anavyokunja miguu, anakumbatia magoti, anaingiza shingo mabegani, yupo, ni mtu yule yule, lakini nafasi anayoichukua imepungua na mkono wake haumfikii wa jirani. Seli za neva za mtu mwenye sonona ya muda mrefu ziko hivyo.

Na hili halikutoka kichwani kwangu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani, Craig Stockmeier na wenzake, walichukua hipokampasi za marehemu 19 waliokuwa na sonona kali na 21 ambao hawakuwa nayo. Hipokampasi ni sehemu iliyojikunja ndani ya ubongo pembeni, usawa wa sikio kwenda ndani, yenye kazi kubwa kwenye kumbukumbu na kwenye kutuliza mwili baada ya hofu. Wakakata, wakapaka rangi, wakahesabu. Kama sonona inaua seli ungetegemea madoa ya bluu yapungue. Walikuta kinyume, kwenye ubongo wa sonona seli zimesongamana zaidi, kwa karibu theluthi moja zaidi ndani ya nafasi ile ile, na miili ya seli zenyewe imekuwa midogo. Ukiifikiria unaelewa, seli hazikuongezeka, kilichopungua ni ile waridi katikati, matawi yamerudi ndani ndo maana seli zenyewe zimekaribiana. Miaka mitatu kabla ya hapo, Paul Lucassen na wenzake kule Uholanzi walikuwa wameshatafuta kwa makusudi alama za seli zinazokufa kwenye hipokampasi za watu wa sonona, zile alama tunazijua maabara, kiini kinavunjika vunjika, wakakuta chache mno, haziwezi hata kidogo kueleza kwa nini sehemu ile imepungua.

Nikamwambia kaka hivyo hivyo. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, mbona basi wanasema kwenye picha za MRI ubongo unaonekana umepungua. Ni kweli unapungua, na hapo pia gazeti lilichanganya kidogo kwa ile picha ya nusu nyeusi. Mwaka 2016 kundi la watafiti wa nchi nyingi waliunganisha picha za wagonjwa 1,728 na watu wazima wa afya 7,199, na tofauti ya hipokampasi ilikuwa asilimia 1.24 kwa wastani. Siyo nusu, siyo robo. Tena waliougua mara ya kwanza tu kwao hiyo tofauti haikuonekana, ilionekana kwa wale ambao ugonjwa umerudi rudi na wale ulioanza nao mapema kabla ya miaka 21. Ni tofauti ya wastani wa watu wengi, hamna daktari anayeweza kukutazama MRI yako peke yake akasema huyu ana sonona huyu hana, kwa hiyo naomba sana mtu asije akauza kitu chake ili akapige picha ya kichwa kujua kama ameharibika.

Asilimia moja na kidogo inasikika ndogo, lakini waza imetokana na nini. Ni mamilioni ya vitawi vilivyorudi ndani kila kimoja sehemu ndogo isiyoonekana kwa macho. Upande wa mbele wa ubongo, nyuma ya paji la uso, ambako ndo tunapangia mambo na kujizuia, mwaka 2012 kundi la Ronald Duman wa Chuo Kikuu cha Yale walitumia hadubini ya elektroni kwenye ubongo wa marehemu wakakuta sinapsi zimepungua kwa waliokuwa na sonona, na jeni zinazohusika na kutengeneza sinapsi zimepoa. Na mwaka 2019 hapo hapo Yale wakaenda hatua nyingine ambayo mimi kama mtu wa maabara nilifurahi sana, walipima sinapsi kwa watu wazima hai, kwa kuwachoma dawa yenye mionzi kidogo inayojishika kwenye protini iliyopo kwenye ncha za sinapsi, na wakaona kwamba kadiri dalili za mtu zilivyokuwa kali ndivyo sinapsi zake zilivyokuwa chache.

Nikisoma hivyo namkumbuka kaka kwenye ile mara ya pili. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika kiatu kimoja, kamba zimelegea. Nikamwambia tunachelewa. Akasema "najua". Nikatoka nikafanya mambo yangu nikarudi baada ya kama dakika 20, kiatu bado mkononi, kidole kimeshika kamba ile ile. Wakati ule nilikasirika, Mungu anisamehe, nilimwambia maneno. Leo najua hakuwa anagoma. Kuvaa kiatu ni msururu wa hatua na kila hatua inataka sehemu ya mbele ya ubongo iiambie inayofuata, na kwake vile vichipukizi vya kupokea ujumbe vilikuwa vimepungua. Alikuwa anajua kabisa anatakiwa afanye nini na ujumbe hauvuki.

Kinachofanya matawi yarudi ndani, sehemu kubwa ya tunachokijua kimeanzia kwenye homoni ya kotisoli. Ukipata shida ubongo unaamuru tezi zilizokaa juu ya figo zimwage kotisoli, ni jambo jema, inakupa nguvu ya kukabiliana. Na hipokampasi ina vipokezi vingi vya hiyo homoni, jambo aliloligundua Bruce McEwen na wenzake New York mwaka 1968 kwa kutumia panya, na kazi mojawapo ya hipokampasi ni kuziambia zile tezi sasa basi, inatosha, zimeni. Ni kama breki. Lakini shida isipokwisha, wiki baada ya wiki, kotisoli inaendelea kuziogesha zile seli, matawi yanajikunja, na sehemu iliyokunjika ndiyo ile ile iliyokuwa breki, kwa hiyo kotisoli inazidi, na matawi yanazidi kurudi. Unaona mtego ulivyo. Ndo maana mgonjwa mwingine chanzo kilishapita zamani, msiba ulishaisha, deni lilishalipwa, ila mwili wake bado uko kwenye hali ya hatari usiku na mchana, na watu wanamuuliza "sasa nini tena?" (Siyo kila mwenye sonona kotisoli yake iko juu, niliweke hilo wazi, ugonjwa huu una milango mingi ya kuingilia, kuna wa kurithi, kuna wa utotoni, kuna unaokuja na ugonjwa mwingine.)

McEwen huyo huyo na wanafunzi wake walionyesha baadaye kwamba panya akibanwa asijongee masaa 6 kwa siku, kwa siku 21, matawi ya seli za hipokampasi yake yanafupika. Wakamwachia. Ndani ya wiki chache matawi yakarudi. Hapo kaka alinikatisha, akasema rudia, nikarudia, yakarudi.

Lakini sitamdanganya na wala sitawadanganya wasomaji wenu, kuna sehemu moja mambo yanakwenda tofauti. Inaitwa amigdala, ndiyo kengele ya hatari, na huko msongo wa muda mrefu unafanya matawi yaongezeke badala ya kupungua. Sumantra Chattarji na wenzake kule India waliliona hilo kwa panya mwaka 2002, na baadaye wakaona kwamba hata baada ya siku 21 za mapumziko yale matawi ya amigdala yalikuwa bado hayajarudi saizi yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuanza kukumbuka vizuri, anaanza kupanga mambo yake, lakini bado simu ikiita anashtuka moyo unampasuka. Ndugu zake wanasema mbona umeshapona. Hajapona sehemu zote kwa pamoja, kengele inachelewa kunyamaza kuliko breki inavyorudi.

Na kuna seli nyingine mwandishi wenu hakuzigusa kabisa, zinaitwa glia, ambazo haziongei kwa umeme kama za neva ila bila zenyewe hamna ubongo. Hapa ndo mahali pekee ambapo naweza kumwelewa kidogo aliyeandika kupungua kwa seli, kwa sababu mwaka 1998 na 1999 watafiti wawili tofauti, Dost Öngür na wenzake, kisha Grazyna Rajkowska na wenzake, walihesabu glia kwenye sehemu ya mbele ya ubongo ya marehemu wa sonona wakakuta zimepungua kweli. Kundi mojawapo la hizo glia, zile zenye umbo la nyota, kazi yake ni kufyonza glutameti inayomwagika kwenye sinapsi. Glutameti ndo kemikali ambayo seli nyingi za ubongo zinatumia kuamshana, ikibaki imetapakaa inakuwa kelele, na seli ikipigiwa kelele muda mrefu inarudisha matawi kujikinga. Yani hata huko kujikunyata ni namna ya kujihami, seli inajifungia isife. Mi hilo ndo linanigusa kuliko yote, kwamba kinachoonekana kama kuharibika ni kiumbe kinajaribu kubaki hai.

Sasa dawa. Naomba hapa mnivumilie kwa sababu hapa ndo kaka alipotea mara ya kwanza. Alipewa vidonge kwenye zahanati fulani, akaambiwa vitaongeza serotonini, kemikali mojawapo ya ubongo, kwamba yeye imepungua kama mafuta kwenye gari. Akavimeza siku 12, akaona mdomo mkavu na usingizi mbovu na moyo vile vile, akasema kama ni mafuta si ningeshawaka, akaviacha. Hakuna aliyemweleza. Miezi mitano baadaye tulikuwa tunalala naye chumba kimoja kwa zamu.

Ule mfano wa mafuta ni mbaya na watafiti wengi wameshauacha. Dawa hizi zinapandisha serotonini kwenye sinapsi ndani ya masaa, siku ile ile ya kwanza, lakini mtu anaanza kuhisi nafuu baada ya wiki 2 mpaka 6. Kama serotonini ndo ingekuwa jawabu lenyewe angepona jioni yake. Kinachochukua wiki ni ujenzi. Kuna protini inaitwa BDNF, iligunduliwa mwaka 1982 na Yves-Alain Barde na Hans Thoenen huko Ujerumani, ni kama mbolea ya seli za neva, inaziambia zitoe tawi, zitunze kichipukizi, zisife. Kwenye damu ya watu wenye sonona ambao hawajatibiwa hupatikana kidogo kuliko kwa wenye afya kwa wastani, na wakitibiwa inapanda. Mwaka 2021 kundi la Eero Castrén kule Helsinki lilionyesha kwamba dawa za sonona zinajishika zenyewe kwenye kipokezi cha hiyo mbolea, zinakifanya kiwe chepesi kuitikia. Tawi halioti kwa siku 12 likakomaa. Ungepanda mbegu ukafukua siku ya tano kuangalia kama imeota ungekuwa umeiua mwenyewe, na kaka alifukua, na sikumlaumu, nililaumu kwamba hakuna aliyemwambia inachukua muda gani.

Watu wataniuliza ketamini, maana siku hizi iko kila mahali mitandaoni. Ni kweli inawasaidia baadhi ya watu ambao dawa zingine zimegoma, na inafanya hivyo ndani ya masaa, na mwaka 2010 Duman na wenzake walionyesha kwa panya kwamba inaotesha vichipukizi vya sinapsi haraka sana kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, na Marekani walipitisha aina yake ya kupuliza puani mwaka 2019. Lakini inatolewa hospitali, mtu anakaa anaangaliwa presha na akili baada ya kupewa, ni dawa ya nusu kaputi ile, siyo ya kununua kwa mtu. Nimesema basi.

Mazoezi nayo siyo maneno ya kufarijiana tu. Mwaka 2011 kuna utafiti wa Marekani uliochukua wazee 120, nusu wakatembea kwa haraka dakika 40 mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, na hipokampasi zao zikakua kwa asilimia 2 wakati za wenzao walionyoosha viungo tu zilipungua. Hawakuwa wagonjwa wa sonona, nisiwatie maneno mdomoni, ila inaonyesha ile sehemu hata uzeeni bado inasikia. Kwa kaka tulianza na kutembea mpaka getini na kurudi. Kuna siku ilikuwa mpaka mlangoni tu.

Na kuna utafiti mmoja naomba mngeuandika nyinyi kwa herufi kubwa kuliko ule wa kufa. Mwaka 2003 Yvette Sheline na wenzake walipima wanawake 38 waliowahi kuugua sonona, wakajumlisha siku ambazo kila mmoja aliugua bila dawa na siku alizougua akiwa kwenye dawa. Zile siku za bila dawa ndizo zilizoendana na hipokampasi kuwa ndogo. Siku za kuugua mtu akiwa anatibiwa hazikuendana. Waza hapo, Mhariri, familia ngapi zinakaa na mgonjwa mwaka mzima zikisubiri upepo upite, zinasema mwacheni ni mawazo, yatakwisha, na kila wiki inayopita kuna kitu kinaendelea kujikunja huko ndani. Huzuni ya kawaida inakuja inaondoka, hata mtu akiwa kwenye msiba kuna saa anakula, anacheka kidogo na watoto. Lakini wiki 2 mfululizo, karibu kila siku, kutwa nzima, hamu ya kila kitu imeondoka, usingizi umeharibika, chakula kimekuwa kama karatasi mdomoni, hiyo mpeleke hospitali. Na akianza kusema heri nisingekuwepo usimwache peke yake hata usiku mmoja, mpeleke siku hiyo hiyo.

Hapo hapo naomba na ninyi mtenganishe maneno. Kwenye ile makala msongo wa mawazo na sonona vimetumika kama kitu kimoja, aya hii msongo, aya inayofuata sonona. Msongo ni mzigo unaobebeshwa, sonona ni ugonjwa unaoweza kuja baada ya mzigo au bila mzigo wowote. Ukimwambia mwenye sonona apunguze msongo unamwambia atue kitu ambacho hana mkononi.

Nilipomaliza kumweleza kaka yote hayo, kwa maneno mepesi zaidi ya haya, akakaa kimya muda mrefu nikasikia anavuta pumzi. Alafu akasema, "Wewe ni mdogo wangu, lazima utanifariji. Gazeti haliwezi kunifariji, gazeti linasema ukweli." Sikuwa na jibu. Ndo maana nimekaa usiku nikaandika.

Ninachoomba ni masahihisho. Siyo yale ya mistari miwili pembeni mwa matangazo, naomba ukurasa ule ule na ukubwa wa herufi ule ule, muandike kwamba seli za neva za mwenye sonona kwa sehemu kubwa zipo hai, matawi yake yamejikunyata, na kwamba yanaweza kuchipua tena hasa mtu akitibiwa mapema na akapewa muda. Jina langu mnalo, naomba msilichape kwa ajili yake. Jumapili huwa analo gazeti kabla ya saa mbili asubuhi.